Kumtoa mzee kwenda kula nje: ninachobeba mkobani na ninavyopanga mezani

Mume wangu, Baba Mwanaidi, alikuwa dereva wa garimoshi. Kazi ile ilimzoesha kula hotelini, na mpaka leo chakula cha nje kwake kina ladha ambayo jiko langu halijawahi kuifikia. Kiharusi kilipompata kikamwachia mkono wa kulia usioshika na koo linalochelewa kumeza, watoto wakasema basi, chakula kiwe kinaletwa nyumbani. Yeye alikataa, nami nikakataa pamoja naye. Tanga yetu si kubwa. Ukitaka wali wa nazi kwa nguru, chipsi mayai au kahawa barazani, huendi mbali.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo vingi nitakavyovieleza nimevishona au nimevikata mwenyewe. Vilivyobaki utavipata sokoni, kwa muuza vyombo au kwa fundi wa AC. Kipimo changu ni hiki: kitu kimwezeshe kula kwa mkono wake mwenyewe, na mtu wa meza ya pili asikigundue. Kikishindwa hilo la pili kinabaki kabatini. Binti yangu aliwahi kuleta sahani ya mtoto yenye picha ya sungura. Ukingo wake ulikuwa mzuri sana, lakini sungura yule hakutoka nyumbani.

Kijiko

Anayekula kwa mkono dhaifu, au kwa mkono asiouzoea, husumbuliwa zaidi na wembamba wa mpini kuliko uzito wa kijiko. Vidole haviwezi kufumba vizuri, basi kijiko kinajizungusha na wali unamwagika njiani. Unachohitaji ni mpini mnene unaojaza kiganja.

Tafuta ile sponji nyeusi ya mviringo wanayoivalisha mafundi kwenye mabomba ya shaba ya AC. Vipande vinavyobaki kazini huwa wanatupa, ukiomba unapewa. Kata kipande cha urefu wa kiganja, chomeka mpini wa kijiko kwenye tundu, umemaliza. Tundu likiwa kubwa, zungushia mpini utepe wa kitambaa kwanza. Uzuri wake ni kwamba hubebi kijiko. Unavalisha kijiko cha hoteli papo hapo chini ya meza, mkimaliza unaivua na kuirudisha mkobani. Kwa kuwa ni nyeusi, haiiti macho ya watu.

Wengine hutumia mpira wa usukani wa baiskeli, na huku kwetu baiskeli ni nyingi, spea zake hazina shida. Unafaa, ila tundu lake ni kubwa mno kwa kijiko, lazima ulijaze kitambaa, na kitambaa kile kinanyonya mchuzi mpaka kinanuka. Kwa mzee mwenye mkono unaotetemeka, uzito wa mpira wenyewe huwasaidia baadhi yao kutulia. Mjaribishe nyumbani kwanza.

Kuhusu ukubwa, omba kijiko kidogo kuliko cha wali. Cha chai kikiwa kipana kidogo kinatosha. Tonge likiwa dogo linamezeka, na kijiko kidogo kinamzuia mwenye haraka bila wewe kumwambia “pole pole” kila dakika, neno ambalo mtu mzima hachelewi kulichoka.

Halafu kuna suala la mkono wa kushoto. Pwani tumelelewa kwamba mkono wa kushoto hauendi kinywani. Baba Mwanaidi alikuwa akiushika mkono wa kulia kwa wa kushoto na kuunyanyua wote na kijiko, chakula chote kinaishia kwenye kanzu. Nilisema sana, hakunisikiliza. Siku imamu wetu alipomwambia kwamba mwenye udhuru anakula kwa kushoto na hana dhambi, suala likaisha. Kama mzee wako amekwama hapo, usibishane naye. Mtafutie mtu anayemheshimu kwa elimu ya dini amwambie mara moja. Na mkono wa kulia nao namnawisha kabla ya kula, ingawa haufanyi kazi. Mkono mmoja haujioshi, kwa hiyo mhudumu akileta birika na beseni mimi ninasugua, yeye anamimina. Pasipo na birika, nina kopo dogo lenye kifuniko, ndani yake kitambaa nilichokilowesha nyumbani kwa maji na limau.

Sahani isiyokimbia

Mtu wa mkono mmoja akichota, sahani inakimbia mbele yake na chakula kinapanda ukingo na kuanguka mezani. Haya ni matatizo mawili na kila moja lina dawa yake.

La kukimbia: weka kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa chini ya sahani. Juu ya meza ya mbao au ya kitambaa cha plastiki hakihami hata kidogo. Palipotandikwa kitambaa cha pamba, maji hayasaidii. Hapo natumia kipande cha ule mpira laini wenye matundu unaotandikwa kwenye makabati ya vyombo.

La kuanguka: sahani bapa za kauri ndizo adui. Kwa muuza vyombo kuna sahani za stilini za Kihindi zenye ukingo uliosimama wima, kimo cha vidole viwili hivi. Kijiko kinasukuma wali mpaka ukingoni, wali unakosa pa kwenda, unapanda kijikoni wenyewe. Mhudumu nampa ile sahani akiwa bado jikoni, namwambia apakulie humo. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ubaya wake ni kwamba stilini inashika moto, kwa hiyo iache ipoe kidogo kabla hajaigusa. Ukiona kubeba sahani ni mzigo, omba bakuli pana la supu. Linafanya nusu ya kazi hiyo.

Baadhi ya waliopata kiharusi hawaoni upande mmoja wa kilicho mbele yao. Ukiona nusu nzima ya sahani haijaguswa na mzee anasema ameshiba, zungusha sahani, usiseme kitu. Mara nyingi anaendelea kula.

Mkasi

Kitu ninachokipenda kuliko vyote mkobani ni mkasi wa jikoni. Si wa nguo. Wa nguo ukiugusisha nyama nakufukuza nyumbani. Kisu cha hoteli kinahitaji uma upande wa pili, yaani mikono miwili, na mara nyingi hakina makali. Mkasi unakata kuku, chapati na nyama ya biriani vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi kwa muda mfupi. Lakini sikati mbele yake mezani. Naomba jikoni, au nabadilisha sahani yangu na yake kana kwamba tunagawana, nakata, halafu namsogezea. Hoteli nyingi ukiwaambia mapema watakukatia wenyewe. Waambie wakate, wasisage. Chakula kilichosagwa kisijulikane ni nini kinamwondolea mtu hamu, labda daktari awe ameagiza hivyo.

Kinywaji

Hapa ndipo pa kuwa macho. Watu wanaogopa nyama kumkwama mzee, kumbe anayemeza kwa shida mara nyingi hupaliwa na maji. Maji ni mepesi, yanafika kooni kabla koo halijajiandaa. Uji, mtindi, juisi nzito ya parachichi au ya embe huenda taratibu na humpa nafasi. Hospitali ikiwa imewapa unga wa kuzitia vinywaji uzito, ubebe kwenye kijaluba na uchanganye kwa kipimo walichowaelekeza.

Kikombe kiwe kipana mdomoni. Kikiwa chembamba, ukifika nusu pua inagonga ukingo, na mtu analazimika kurudisha kichwa nyuma, mkao mbaya kuliko yote kwa koo dhaifu. Kisiachwe kishuke sana, aongezewe mapema. Mrija siupendi, unaleta kinywaji kingi kwa kasi na kukimwaga nyuma ya ulimi. Wengine wanauweza, ila muulize kwanza mtaalamu aliyempima kumeza.

Kahawa ya barazani ina mtihani wake. Vile vikombe vidogo visivyo na mkono ni vyepesi, mtu wa mkono mmoja anavimudu, ila funda la mwisho haliji mpaka uelekee juu. Nilimwambia muuza kahawa asijaze, na Baba Mwanaidi anaacha la chini. Kule chini kuna masimbi tu hata hivyo. Badala ya kimoja anakunywa viwili visivyomalizwa. Kashata haimfai, ni ngumu na inapukutika kooni. Anatafuna tende laini iliyokwisha kutolewa kokwa na kukatwa vipande, kimoja kimoja, maana tende nayo hunata.

Cha kufunika kifua

Alisema waziwazi: “Mama Mwanaidi, mimi si mtoto, sifungwi bibu.” Basi nilimshonea shali. Upande wa juu ni kitambaa kizito cha rangi ya kahawia, upande wa ndani nimeweka kitambaa cha mwavuli uliovunjika, ambacho hakipitishi maji. Anajitupia shingoni kama wazee wanavyojitupia shali, ncha moja ndefu inaning'inia kifuani mpaka mapajani. Ndani ya ukosi nimeweka kishikizo cha kubana ili isiteleze. Mchuzi ukimwagika, akimaliza kula anaigeuza, doa linaingia ndani. Usishone nyeupe, usishone hariri. Kama huna cherehani, kikoi cheusi kikunjwe mara mbili mapajani, kinaokoa sehemu kubwa ya kanzu.

Kiti, meza na saa ya kwenda

Nenda kabla ya saa saba mchana. Saa saba ofisi zinatoka, wahudumu wanakimbia, kelele zinapanda, na anayekula pole pole anajiona anazuia meza. Pigia simu asubuhi, uulize kama kuna ngazi, kama choo ni cha kukaa, na uagize kabisa. Hapo simuni ndipo pa kueleza hali ya mzee, wala usisubiri kuieleza mbele yake.

Chagua meza ya pembeni, televisheni ikiwa mgongoni mwake. Mpira ukichezwa, mdomo unasahau kwamba una tonge. Mimi hukaa upande wake dhaifu, ndio unaogongwa na wapitao, na mkono wake mzima ubaki na nafasi.

Viti vya plastiki vinapinda miguu akijiegemeza kuinuka. Omba viwili, upachike kimoja juu ya kingine. Vinakuwa imara na vinapanda kimo kidogo, kuinuka kunakuwa rahisi. Miguu yote ikanyage chini, nyonga zirudi mpaka mwisho wa kiti, mgongo wima. Akianza kuteleza mbele, simamisha kula, mkae upya. Sofa za hoteli za kisasa ni nzuri kwa picha tu.

Cha kuagiza

Chipsi mayai ni rafiki wa mkono mmoja kuliko watu wanavyodhani: yai linashikanisha chipsi, uma unachoma kipande kizima, na kiko laini. Waambie tu wasiikaushe. Mtori, mbaazi za nazi, maharage yaliyoiva, wali laini wenye mchuzi mzito, vyote vinakwenda. Ugali mkavu kwa nyama choma hapana, unanata kooni; ugali laini kwa bamia au mlenda unateleza vizuri.

Samaki, chukua kipande cha nguru. Miiba yake ni michache na mikubwa, unaiona na kuitoa. Changu ni mtamu lakini ana miiba mingi midogo. Biriani ninaipenda kwa sababu nyama yake imeiva mpaka inaachia mfupa, ila ndani mna iliki, karafuu na vijiti vya mdalasini. Pitia sahani nzima kwa uma, uvitoe vyote kabla hajaanza. Urojo, na najua watu wa Unguja watanichukia, ndio chakula kigumu kuliko vyote kwa mzee wa aina hii: mchuzi mwepesi, viazi, bajia na vipande vikavu, vyote kijiko kimoja. Koo linashindwa kujua limeze kimiminika kwanza au litafune. Supu yenye vipande nayo ni hivyo hivyo. Omba mchuzi wake peke yake, au nyama peke yake.

Mhudumu atakuuliza wewe: “Mzee atakula nini?” Mtazame mzee, unyamaze. Mhudumu mwenye akili ataelewa na kuhamisha macho. Asipoelewa, sema kwa upole, “Muulize mwenyewe, babu yako huyu.” Baba Mwanaidi maneno yanamtoka kwa kuchelewa, lakini yanatoka. Kama orodha ni ndefu, ataje viwili vitatu tu.

Wakati wa kula tazama mambo haya. Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe, usimgonge mgongo, usimpe maji; kikohozi ndicho kinachosafisha. Sauti ikiwa na majimaji baada ya kunywa, mwambie ameze tena bila kitu mdomoni, kisha akohoe. Shavu la upande dhaifu huficha tonge bila mwenyewe kuhisi, kwa hiyo mwishoni apitishe ulimi mle. Sisi tuna ishara: mimi najigusa shavu, yeye anajua. Baada ya chakula akae wima nusu saa, ndiyo saa ya mazungumzo, hamjapoteza kitu.

Asipoweza kukohoa, kusema wala kupumua, hapo amekwamwa kweli. Mwinamishe mbele, umpige kwa nguvu mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Haikutoka, simama nyuma yake, ngumi moja juu ya kitovu chini ya kifua, mkono wa pili juu yake, vuta kwa kishindo ndani na kwenda juu mara 5. Rudia hizo na hizi, na mtu mwingine atafute msaada wa hospitali wakati huo huo. Akipoteza fahamu, mlaze chini na muanze kumkandamiza kifua. Waombe wahudumu wa afya wawaonyeshe kwa vitendo, wewe na vijana wa nyumbani, kabla hamjatoka kula popote.

Harusini

Hotelini niko naye. Harusini wanaume wanaume, wanawake wanawake, na pilau inakuja kwenye sinia, watu wamekaa mkekani kuizunguka. Mzee hawezi kukaa chini na kuinuka, hawezi kula kwa kulia, na hapendi kuchovya kijiko cha kushoto kwenye sinia la wenzake. Mara ya kwanza alisema hana njaa. Alikuwa nayo.

Tulichofanya ni kumfundisha mjukuu. Ni kijana wa sekondari, mpole, hana haya. Kwenye mfuko wa kanzu yake anabeba sponji, kijiko na kile kitambaa cha kuloweshwa, vimeviringishwa pamoja. Mimi napita jikoni kwa wapishi mapema, huko nina wenzangu, nawaambia sahani ya Baba Mwanaidi ipakuliwe pembeni, nyama ichambuliwe mifupa na viungo vizima vitolewe. Inaletwa pamoja na masinia, si baada yake. Anawekewa kiti karibu na mkeka, na kigoda kirefu mbele yake kuwa meza. Mjukuu anahakikisha kuna mzee mwingine kitini pale jirani. Daima yupo mwenye magoti mabovu anayeshukuru. Wakiwa wawili hakuna anayewatazama.

Kijana naye anahitaji kula. Akae sinia la karibu, si begani kwa babu yake. Tumempa kazi ya kutupa jicho tu, na kunipigia simu nikihitajika.

Kulipa

Baba Mwanaidi hulipa mwenyewe. Mfuko wa shati uko kushoto, na mkono wa kushoto haufiki vizuri kwenye mfuko wa kushoto, jaribu utaona. Mashati yake yote nimehamishia mfuko kulia. Asubuhi naweka humo noti zilizokunjwa moja moja, kubwa ndani, ndogo nje, ili azitoe bila kuzipekua kwa mkono mmoja. Bakshishi anatoa yeye, na ni mkarimu kupita kiasi, lakini hilo alikuwa nalo tangu enzi za reli.

Mkirudi

Sponji ioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu siku hiyo hiyo, ikamuliwe, ipigwe na upepo kivulini. Jua kali linaipasua. Ikianza kumeguka makombo itupe, ukate nyingine. Mimi huwa nina urefu wa mkono mzima kabatini. Shali ilowekwe kabla mchuzi haujakauka, hasa wenye manjano, maana manjano yakilala usiku hayatoki. Mkasi ufunguliwe na kukaushwa kwenye kiungio, usije ukashika kutu.